Usiuze Shamba, Mgeuze Mgonjwa

Majuzi mama mmoja alimleta mwanawe katika kliniki yangu. Kijana huyo aliumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki na miguu yake imepooza. Mama alitaka kujua kama auze shamba ampeleke Ulaya, ambako amesikia waliopooza wanatembea tena.

Habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 2023 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walieleza jinsi Mholanzi Gert-Jan Oskam, aliyeumia mwaka 2011, alivyoweza kusimama, kutembea kwa magongo na kupanda ngazi. Vifaa vilivyopachikwa katika fuvu lake hunasa ishara za ubongo anapotaka kusogeza mguu. Kompyuta huzifasiri, kisha kifaa kingine huusisimua uti wa mgongo kwa umeme.

Lakini huo ungali utafiti, si tiba ya kununuliwa. Nilimwambia asiuze shamba.

Nilipomgeuza kijana, nilikuta kidonda kikubwa juu ya makalio kwa sababu ya kulalia upande mmoja. Vidonda hivyo, pamoja na maambukizi ya mkojo, huweza kuua. Hapa lawama ni yetu madaktari: twawaruhusu wagonjwa kwenda nyumbani bila kuwafunza jamaa zao.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Viungo vyake vinyooshwe kila siku, na mkojo usiachwe ujae kibofuni. Hata mtambo huo ukifika kwetu, hautamfaa mtu ambaye viungo vyake vimekwisha kukakamaa.