embu = meru? Wacheni hizo!

Wasee wa kuuza kozi za Python wanatuchezea. Ati sort() na sorted() zote hupanga orodha, chagua unayopenda. Aki hapana.

sort() hupanga orodha ileile uliyoshika na kukurudishia None. Waliounda Python walifanya hivyo makusudi, ujue hakuna nakala mpya. Sasa andika bei = bei.sort() uone: bei zote za miraa ulizorekodi tangu asubuhi, kwisha. Umebaki na None. sorted(bei) ingekupa orodha mpya, ya kwanza ikae vile ilikuwa.

Halafu kuna hii: meru = [700, 300, 500], kisha embu = meru. Unadhani ni orodha mbili? Ni moja, majina mawili. Ukiita embu.sort(), Meru nayo imepangwa upya. Mwambie mkulima wa muguka kule Mbeere kwamba bei yake na ya miraa ya Maua ni kitu kimoja, uone vile atakuangalia! Ukitaka mbili, andika embu = meru.copy().

Hiyo ni dakika tano za somo. Wanairuka, mwanafunzi anakwama usiku kucha, anaacha akijiita mjinga. Kama hujawahi kuonyesha darasa lako ile None ikitokea, rudisha pesa za watu.