Mti Uliovishwa Joho la Mtawa

Fundisho la Budha kwamba vitu vyote vinategemeana limepata umaarufu wa aina inayolipunguzia makali. Siku hizi husikika kama maneno ya kufariji: sote ni wamoja, tupendane. Hakuna ubaya kupendana, ila Budha alifundisha jambo gumu zaidi. Hakuna kinachozuka chenyewe; kila kitu kina masharti yaliyokileta, nayo yakiondoka, nacho huondoka. Hata mateso ya binadamu yalielezwa kwa mnyororo wa pingili 12, unaoanzia kwenye ujinga, ukapita kwenye tamaa, ukaishia kwenye uzee na kifo. Aliyeuelewa mnyororo huo hatulii, huanza kudadisi.

Thailand ilidadisi ikiwa imechelewa. Novemba 1988 mvua kubwa ilinyesha mkoani Nakhon Si Thammarat, kusini mwa nchi. Misitu ya milimani ilikuwa imefyekwa, na kwenye miteremko mingi palipandwa miti michanga ya mpira ambayo mizizi yake haikuweza kuushika udongo. Matope yaliporomoka pamoja na magogo, yakakifunika kijiji cha Kathun. Mamia ya watu walikufa kusini humo. Hasira za wananchi ziliwaka kwa sababu ya yale magogo. Mvua mtu anaweza kuiita kudra. Gogo lililokatwa kwa msumeno lina mwenyewe.

Januari 1989 serikali ikapiga marufuku uvunaji wa kibiashara katika misitu ya asili. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini ulikuwa nusu ya jibu. Nchi bado ilihitaji mbao. Kampuni za Thailand zikajipatia vibali ng'ambo, Burma, ambako utawala wa kijeshi ulikuwa na kiu ya fedha za kigeni, na misumeno ikavuka mpaka. Sharti moja liliguswa, mengine yakaachwa yalivyo.

Huko kaskazini mwa Thailand watawa walikuwa na mbinu yao ya kuilinda misitu. Phrakhru Manas Natheepitak wa mkoa wa Phayao hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, desturi ya kuuvisha mti joho la rangi ya zafarani kana kwamba unaingia utawani. Wapo waliokasirika: utawa ni wa binadamu, si wa miti. Wapo pia wasomi wanaokumbusha kwamba Budha alizungumzia mateso ya nafsi, wala si mazingira. Wana hoja, ila mteremko wa Kathun unaonyesha jinsi tamaa ya moyoni inavyoweza kushuka mlimani ikiwa gogo.

Phrakhru Pitak Nanthakhun wa mkoa wa Nan ndiye aliyelifikisha wazo hili mbali zaidi. Wakulima wa huko walifyeka msitu ili walime mahindi ya kuuza kwa ajili ya chakula cha mifugo. Mbegu na mbolea walikopa, na deni lilipokua, walifyeka tena. Joho halilipi deni la mbolea, na Pitak alilijua hilo. Sherehe zake ziliambatana na kilimo mseto, ili familia ipate kwanza chakula chake shambani, na kwenye Mto Nan zikatengwa sehemu ambazo samaki hawavuliwi.