Onyo la Dawa ya Mifupa na Kesi ya Merck

Akina mama wengi waliokwisha koma hedhi hupatwa na maradhi ya mifupa kupungua uzito na kuwa myepesi kuvunjika. Madaktari huyaita osteoporosisi. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha kidonge cha kuyatibu kiitwacho Fosamax, cha kampuni ya Merck. Hupunguza kasi ya chembe zinazobomoa mfupa, na kimewafaa wengi. Hilo lisemwe kwanza kwa uadilifu.

Lakini mfupa hai hubomolewa na kujengwa upya daima, na kwa njia hiyo nyufa ndogo huzibwa. Hofu ya wataalamu ni kwamba kazi hiyo ikizuiwa miaka mingi, nyufa hubaki. Wakaonekana wagonjwa, wachache kwa idadi, waliovunjika mfupa wa paja kwa kujikwaa tu, au bila hata kuanguka. Zaidi ya watu 500 waliishtaki Merck wakidai kwamba hawakuonywa.

Kampuni ilijitetea kuwa mwaka 2008 iliiomba mamlaka ya dawa ya Marekani ruhusa ya kuongeza tahadhari, ikakataliwa mwaka 2009. Mimi katibu, niliyezoea kupima maneno ya muhtasari wa vikao, utetezi huo haunitoshi. Tahadhari iliyopendekezwa ilitaja nyufa za mfupa ulioelemewa, ilhali walalamikaji walivunjika mfupa ukawa vipande viwili. Je, mamlaka ilikataa onyo, au ilikataa maneno yaliyochaguliwa? Mei 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa swali hilo ni la jaji, si la jopo la raia. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliyoko Philadelphia ikaamua kuwa sheria ya shirikisho haiwazuii walalamikaji kudai. Huko si kulipwa fidia; ni kuruhusiwa kusikilizwa, na wote waliumia kabla onyo kamili halijaingia katika maelezo ya dawa mwaka 2011.

Mwenye mama au bibi anayemeza dawa ya jamii hii asikimbilie kuitupa. Nyonga iliyovunjika kwa udhaifu wa mifupa ni hatari iliyo karibu zaidi kwa mzee. Amuulize daktari: ameitumia miaka mingapi, na je, bado anaihitaji? Maumivu mapya ya paja au kinena yasiitwe uzee, kwa kuwa huweza kutangulia kuvunjika kwenyewe. Akitaka kung'oa jino, amweleze daktari wa meno mapema, maana dawa hizi zimehusishwa pia na kufa kwa mfupa wa taya. Mwaka 2013 Merck ilikubali kulipa dola milioni 27.7 kumaliza mamia ya kesi za namna hiyo. Na ile karatasi ya herufi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi, mama asomewe na mwanawe, kwa Kiswahili, kabla ya kidonge cha kwanza.