Surua na Walinzi wa Damu

Mara nyingi twamsikia mama akilalamika: “Mtoto wangu alipona surua, upele wote umekwisha, mbona sasa ameshikwa na kichomi?” Hapo majirani huanza kunong’ona habari za uchawi. Sivyo! Sababu imo katika damu yenyewe, na yafaa kila mzazi aijue.

Katika milimita moja ya ujazo ya damu, mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kama 4,000 hadi 11,000. Hizo ndizo walinzi wa mwili, wala hazifanyi kazi moja. Ziko zenye kummeza adui na kumsaga. Ziko nyingine ziitwazo limfositi: zile za aina ya B hutengeneza kingamwili za kumshika adui; zile za aina ya T, baadhi huua chembe zilizokwisha kuingiliwa, na baadhi huwaamsha na kuwaongoza wenzao. Tena ziko limfositi ambazo huishi miaka mingi, zikimkumbuka adui aliyepigwa zamani.

Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Sharti kiingie ndani ya chembe hai. Wala hakiingii popote. Kila kirusi kina ufunguo wake, nao hufungua tu kufuli inayoupasa. Kirusi cha ukimwi hutafuta kufuli iitwayo CD4, iliyo hasa juu ya limfositi T zenye kuongoza. Viongozi wakipungua, jeshi zima hulegea. Kirusi cha Ebola, kilichotambuliwa mwaka 1976 baada ya ugonjwa kuzuka Yambuku, hushika mapema zile chembe zenye kumeza, nazo hukichukua mpaka kwenye tezi, ini na wengu.

Je, surua? Kirusi chake huingia katika limfositi B na T pia, hasa zile zenye kukumbuka, na nyingi huangamia. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza habari za watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, ambao damu yao ilipimwa kabla ya surua na baada yake. Walikuwa wamepoteza sehemu 11 hadi 73 kwa mia za aina za kingamwili walizokuwa nazo. Basi mtoto aliyepona surua ni kama mwanafunzi aliyefutiwa daftari lake: hana budi kujifunza upya magonjwa aliyokwisha kuyashinda. Ndiyo maana kichomi na kuhara humrudia.

Kumbukeni kwamba mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Lakini chanjo ya surua, iliyoanza kutumika mwaka 1963, hutumia kirusi kilichodhoofishwa. Chafundisha walinzi bila kufuta daftari.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, msikose siku ya chanjo. Na mtoto aliyetoka katika surua msimwache macho kwa kuwa upele umekauka. Mlisheni vema, muulizeni mwuguzi habari za vitamini A, na kwa miezi kadhaa mwangalieni. Akipumua kwa haraka au akihara, mpelekeni zahanati siku ile ile. Mkingojea kumtafuta mchawi, kichomi hakitawangoja.