Mnada umehamia kiganjani: namna ya kununua bila kulizwa

Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp jioni, watu wakiwa wamepumzika. Una nembo ya taasisi ya Serikali, picha za pikipiki na magari yaliyopangwa kwa safu, na bei za kumfanya mtu akae sawa: pikipiki laki nne, gari dogo milioni mbili. Chini kuna namba ya simu na maneno "wahi, zimebaki chache". Mwenye akiba ya VICOBA, au aliyetoka kulipwa mauzo ya kahawa, anaanza kupiga hesabu.

Kwa sisi wa Iyunga na vijiji vinavyoizunguka Mbeya, jambo hili si la mbali. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita hapa, na bodaboda ni ajira ya vijana wengi. Bandari ya Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu, kwa hiyo mtu akiambiwa anaweza kushinda mnada akiwa nyumbani, masikio husimama. Tatizo ni kwamba mnada wa mtandaoni wa kweli upo, na tapeli anaishi kwa kuuiga.

Mnada wa kweli unatoka wapi

Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, huuza kwa njia ya mtandao bidhaa na magari yaliyokaa bandarini na kwenye maghala bila wenyewe kuyatoa. Msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mzigo uliowekwa kwenye ghala la Forodha usipotolewa ndani ya siku 30, hutolewa tangazo. Zikipita siku nyingine 30 mwenyewe hajajitokeza, mzigo huhesabiwa umetelekezwa na unaweza kupigwa mnada.

Minada mingine ni ya magari chakavu ya Serikali, ya benki zinazouza dhamana za mikopo, na ya madalali wa mahakama. Hata mazao yameingia huko. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, huendesha minada ya kielektroniki ya mazao kama ufuta, mbaazi na korosho, na wakulima wa kakao wa Kyela wanaujua mnada wa stakabadhi ghalani.

Minada hii ya mazao inatupa kipimo kizuri. Mkulima anajua mzigo uko ghala gani, una kilo ngapi na wa daraja gani. Wanunuzi wamesajiliwa, na bei zikishafunguliwa kila mtu anaziona. Mnada wowote unaokuficha mambo hayo, yaani mali iko wapi, nani anauza na nani anashindana nawe, haustahili fedha yako.

Dalili za mtego

Ya kwanza ni njia ya malipo. Malipo ya Serikali hupita kwenye namba maalumu ya malipo, ile wengi wetu tunaiita "kontro namba". Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu, hata kama anajitambulisha kuwa ofisa. Unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa ni jina la mtu binafsi, futa muamala hapo hapo.

Ya pili ni bei isiyopanda. Mnada maana yake watu wanashindana. Mtu akikuambia "gari hili ni milioni mbili, lipa nusu nikutunzie", huo si mnada tena. Tunazifahamu zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Huu ni wizi ule ule, umevaa koti jipya.

Ya tatu ni kukataa ukaguzi. Mnada wa kweli hutaja mahali mali ilipo na siku za kuitazama. Tapeli ana sababu tele: geti limefungwa, mkubwa yuko safarini, wateja ni wengi.

Ya nne ni kiungo ulichotumiwa na mtu. Usikibonyeze. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya taasisi, au piga TRA bure kupitia 0800 750 075 uulize kama mnada huo upo. Mwenye kitochi asiye na intaneti anaweza kupiga, au kufika ofisi ya TRA iliyo karibu naye.

Hata mnada halali unaweza kukutia hasara

Hapa ndipo wengi hawaangalii. Mali ya mnada huuzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Hakuna garantii, na ukikuta injini imekufa huna wa kumrudishia. Pikipiki iliyokaa uani miezi mingi ikipigwa jua na mvua itadai betri, tairi na pengine mengine usiyoyaona pichani.

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda hapa Iyunga. Tuseme pikipiki mpya dukani ni shilingi 2,800,000. Kwenye mnada anaiona kama hiyo na anashinda kwa 1,600,000. Nauli na malazi ya kwenda Dar es Salaam kukagua na kuchukua ni 180,000. Kuisafirisha hadi Mbeya ni 120,000. Tairi, betri na cheni ni 350,000. Usajili na bima ni 250,000. Jumla imefika 2,500,000. Ameokoa 300,000 tu, na pikipiki haina garantii. Ikiharibika mwezi wa kwanza, angeshukuru kama angeenda dukani.

Hesabu sahihi huanzia mwisho. Kijana huyu aseme, "Ili nibebe hatari hii, lazima niokoe angalau 600,000." Basi gharama zote zisizidi 2,200,000. Akitoa 900,000 za safari, matengenezo na karatasi, kinabaki 1,300,000. Hilo ndilo dau lake la mwisho. Aliandike kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, na likipitwa azime simu.

Tunasisitiza karatasi kwa sababu mnada huamsha ubishi. Mtu akipanda kwa elfu hamsini, nawe unapanda, na mwisho unapigania ushindi badala ya pikipiki. Tena watu kumi wakidau kitu ambacho hakuna aliyekikagua vizuri, mara nyingi anayeshinda ni yule aliyekosea zaidi kwa kukiona cha thamani kubwa.

Uliza pia, kabla ya kudau, kama bei ina kodi ndani yake, na masharti ya malipo ni yapi. Katika minada mingi nchini mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na kumalizia salio ndani ya siku 14. Akishindwa, anaweza kupoteza alichotanguliza. Usidau kwa fedha unayotarajia kukopa kesho.

Na magari ya Japani?

Magari mengi tunayoyaona barabarani yalipita kwenye minada ya Japani, ambayo hununuliwa na wanachama pekee. Ukiagiza, unanunua kupitia wakala. Mwombe karatasi ya ukaguzi ya mnada. Gari lililowekewa alama ya R au RA limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Pia usiishie kwenye bei ya kule. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa na tozo nyingine, na gari lililozidi miaka 8 hubeba ushuru zaidi. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Kitumie kwanza, kwa sababu magari mengine yametelekezwa bandarini kwa kuwa wenyewe walishindwa kodi hizo.

Ukishatapeliwa

Aibu isikuzuie kuchukua hatua. Piga mara moja mtandao wako wa simu uombe muamala uzuiwe, kwa maana kila dakika tapeli anaweza kuwa anatoa fedha. Tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Nenda polisi na meseji zote na risiti za muamala, usizifute. Kisha lisemee kwenye kundi lile lile ulikopata tangazo, ili jirani asidakwe na ndoano ile ile.

Na kama unapanga kununua pamoja na wenzako wa VICOBA, mtumeni mmoja wenu akakague akiwa na fundi. Nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko akiba ya kikundi kizima.