Klasi Imehamia Kwa Simu, Lakini Bando Ni Ya Nani?

Ile meseji ya "klasi ni onlaini" ikiingia kwa grupu, wengi hushangilia. Hakuna kudandia mat asubuhi, hakuna kupigania kiti. Lakini tulia kiasi upige hesabu, juu bili ya darasa imetoka kwa chuo ikakuja kwako.

Hii mambo ilishika Machi 2020. Tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe juu ya Corona, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20. Kuna comrade alirudi kwa mtaa wa WiFi, mwingine akarudi ocha kupanda kilima akisaka netwaki. Corona ilipoa, klasi za video zikabaki.

Sasa cheki namba. Video ya kawaida hukula kama kilobiti 600 kwa sekunde. Hiyo ni karibu MB 270 kwa lisaa. Ukiwa na yuniti sita za masaa matatu kila wiki, ni karibu GB 5. Ukiwasha kamera yako pia, inaweza fika GB 10. Lakini sauti peke yake ni kama MB 36 kwa lisaa, wiki nzima haifiki hata GB moja. Kwa hivyo lec akisema "washeni kamera ndio niwahesabu," hajakuomba adabu tu. Amekuomba doh.

Form ni hii. Usiku wa kuamkia klasi, jaribu linki na uapdeti app ukiwa kwa WiFi ya mtu. Chaji simu mapema, stima haina urafiki. Weka jina lako kamili na namba ya usajili, usiingie kama "Galaxy A12" halafu ulie ukinyimwa mtihani juu ya kukosa klasi. Zima kamera, zima maiki, na uzuie simu zinazoingia, juu mathe akipiga katikati ya klasi, sauti ya lec inakatika. Kama lec anatumia Zoom ya bure, jua itakata baada ya dakika 40, so weka linki ya kurudi karibu.

Lakini kujipanga peke yako haitoshi. Ongeeni na klasrep kabla wiki ya kwanza iishe, muombe vitu tatu: noti zitumwe mapema, klasi irekodiwe, na kamera isitumike kuhesabu watu. Hakuna hata moja inagharimu chuo kitu ya maana. Kwa msee anachagua kati ya bando na supper, hizo tatu ndio tofauti ya kumaliza semesta na kupotea tu kimyakimya, bila mtu hata kuuliza ulienda wapi.