Dawa ya Pua, Dawa ya Sikio, na Mwenye Kisukari



Huku kwetu Marambo, iwe upande wa Nachingwea au wa Ruangwa, kiangazi huja na mambo mawili kwa pamoja: matumaini ya korosho, na vumbi. Mikorosho inapoanza kuchanua, wakulima huingia mashambani na mashine za kupulizia salfa ili kuzuia ubwiri unga, na unga ule hauishii juu ya maua. Huingia puani, machoni na kooni. Ndipo utakapowasikia watu safuni wakipiga chafya, na baada ya sala wengine wakilalamikia kichwa kizito, maumivu ya uso chini ya macho, pua iliyoziba na sikio linalovuma. Kwa walio wengi, hayo ni maudhi ya wiki moja au mbili. Kwa mwenye kisukari, ni jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi, nalo ndilo tutakalolizungumza wiki hii.

Wenye kisukari miongoni mwetu si wachache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania wana kisukari. Kwa hesabu hiyo, ni nadra kukuta safu ndefu ya sala ya Ijumaa isiyo na hata mmoja wao, na huenda mwenyewe bado hajajijua.

Mimi si tabibu. Ni katibu wa msikiti. Lakini kazi ya ukatibu hunipeleka majumbani kwa wagonjwa, na nimeona jambo moja likijirudia. Mgonjwa wa kisukari huziweka dawa zake za sukari upande mmoja wa akili, na dawa za mafua au za sikio upande mwingine, kana kwamba haziwezi kukutana. Ukweli ni kwamba kidonge cha pua hakikai puani, wala cha sikio hakikai sikioni. Vikimezwa, vyote huingia katika damu ile ile, na humo hukutana na sukari na dawa ya sukari.

Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwili unapopambana na uambukizo, uwe wa sikio au wa yale mashimo yenye hewa ndani ya mifupa ya uso ambayo watu huyaita sainasi, hutoa vichocheo vinavyopandisha sukari. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kula kidogo kuliko kawaida na bado sukari yake ikapanda. Sukari nayo ikipanda, kinga ya mwili hudhoofika na uambukizo hupata nguvu. Mambo hayo mawili hulishana.

Kutokana na hilo, ni hatari kwa anayetumia insulini kuiacha kwa sababu tu anaumwa na hamu ya kula imepungua. Kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa, lakini anayekibadilisha ni mganga baada ya kupima. Mgonjwa aliyezoea kupima mara moja kwa siku apime mara nyingi zaidi siku za ugonjwa, na anywe maji ya kutosha.

Dawa zinazopandisha

Dawa ya kwanza ya kuijua ni prednisoloni, pamoja na ndugu yake deksamethasoni. Ni dawa za kupunguza uvimbe, na zinapotumiwa mahali pake zina manufaa makubwa: hufungua pua iliyovimba na hutuliza mzio. Lakini hupandisha sukari, na pengine kwa kiwango kikubwa. Kwenye pakiti utaiona ya kwanza ikianza na herufi PRED na ya pili na DEXA. Shida ni pale zinapofungwa katika kikaratasi kisicho na jina, mgonjwa akaambiwa tu kwamba hizi ni za mafua.

Prednisoloni ikimezwa asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni, kisha huenda ikashuka usiku. Mgonjwa anayepima alfajiri tu, kabla ya kula, anaweza kuona namba nzuri na akaridhika, ilhali kila alasiri sukari yake imepita 15. Aliyeandikiwa dawa hii basi apime pia mchana na jioni. Na aliyekwisha itumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla kwa hofu ya sukari, kwani kuikatisha kuna madhara yake. Arudi kwa aliyemwandikia.

Dawa za kupuliza puani zenye asili hiyo hiyo ni jambo tofauti. Kiasi kinachoingia damuni ni kidogo, na kwa kawaida mwenye kisukari anaweza kuzitumia kwa maelekezo ya mganga.

Ziko pia dawa za mchanganyiko za mafua, zenye kiungo cha kuzibua pua kwa kubana mishipa ya damu. Kiungo hicho huweza kupandisha shinikizo la damu na kuongeza mapigo ya moyo, na wenye kisukari wengi wana shinikizo pia. Matone ya kuzibua pua nayo yasizidi siku tano bila ushauri, kwani yakizidi, pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina sukari ndani yake. Ulizia isiyo na sukari. Na asali, pamoja na heshima yote iliyonayo katika dini yetu, ikiingia mwilini hugeuka sukari kama vyakula vingine vitamu. Vijiko vitatu vya asali kwa ajili ya kikohozi havikosi kuhesabiwa na mwili.

Dawa zinazoshusha

Upande wa pili unatisha zaidi, kwa sababu huja kwa haraka. Mzee mmoja wa jamaa zetu alikuwa akitumia glibenklamidi kwa miaka mingi bila tatizo. Sikio likamuuma, likatoa usaha, akapewa vidonge vya Septrin. Hakuulizwa kama ana ugonjwa mwingine, naye hakusema. Kwa kuwa kutafuna kulimwumiza, usiku alikunywa chai tupu, lakini kidonge chake cha sukari alikimeza kama kawaida. Kabla ya alfajiri mkewe alimkuta amelowa jasho, anatetemeka na anasema maneno yasiyoeleweka. Jirani wa kwanza kufika alidhani ni jini, na kisomo kikaanza. Ni binti yake aliyekumbuka kisukari, akamnywesha maji ya sukari kwa kuwa bado aliweza kumeza, kisha wakampakia kwenye bodaboda kwenda hospitali.

Septrin, ambayo jina lake la kitaalamu ni kotrimoksazoli, huweza kuongeza nguvu ya glibenklamidi na dawa za jamii yake, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Siprofloksasini, ambayo pia hutolewa kwa magonjwa ya sikio, huweza kuishusha sukari au kuipandisha. Klarithromaisini ikikutana na glibenklamidi huweza kuishusha. Simaanishi kwamba dawa hizi ni mbaya. Namaanisha kwamba anayezitoa ni lazima ajue zinakutana na nini.

Kila familia yenye mgonjwa wa kisukari izijue dalili hizi: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, ukali usio wa kawaida, usingizi mzito. Kipimo kikisoma chini ya 4, au kama kipimo hakipo na dalili zipo, apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama bado, arudiwe. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni: alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Anayetumia glibenklamidi apelekwe hata kama amezinduka, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini kwa muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Kisomo hakikatazwi, lakini kisicheleweshe sukari.

Nitaje pia dawa za mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton. Anayesinzia kwa sababu ya dawa anaweza asizihisi dalili za sukari kushuka, na walio naye wakadhani amelala tu. Aangaliwe.

Sikio na pua zisizongoja

Kwa mwenye kisukari, hasa mzee, maumivu ya sikio yanaweza kuwa zaidi ya sikio. Yupo mdudu anayeanzia kwenye njia ya sikio kisha akaingia hadi kwenye mfupa wa fuvu. Dalili zake ni maumivu makali yanayozidi usiku, usaha usiokoma kwa matone ya kawaida, na baadaye upande mmoja wa uso kulegea. Huyo si mgonjwa wa kutiwa mafuta ya moto au maji ya kitunguu saumu sikioni. Ni mgonjwa wa hospitali, leo.

Upande wa pua, dunia ilipata funzo mwaka 2021. Nchini India, katika wimbi la korona, watu zaidi ya 40,000 waliripotiwa kupata fangasi mbaya inayoanzia puani, ikala mifupa ya uso na kufika machoni. Wengi wao walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wametumia dawa za jamii ya prednisoloni. Ugonjwa huo ni nadra, nao haupaswi kumtisha kila mwenye mafua. Lakini uso ukivimba upande mmoja, pua ikitoa uchafu mweusi, au jicho likianza kuona mawili mawili, usingoje kesho.

Udhu, saumu na matibabu

Baadhi ya maswali yanayofika kwa kamati yanahusu ibada. Kupandisha maji puani katika udhu ni sunna, na Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuzidisha katika hilo isipokuwa kwa aliyefunga. Mwenye maumivu ya sainasi apandishe kwa upole. Akishauriwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi, ayatumie yaliyochemshwa yakapoa, si ya kisimani moja kwa moja. Masikio katika udhu hupakwa kwa vidole vyenye unyevu; hayamwagiwi maji. Mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka azibe kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito anapokoga, na asitie tone lolote bila kuchunguzwa, kwani baadhi ya matone huharibu usikivu yakipita kwenye tundu hilo.

Kuhusu saumu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa katika kikao chake cha Jedda mwaka 1997 iliamua kwamba matone ya sikio na ya pua hayafunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Iliamua vivyo hivyo kuhusu sindano zisizo za lishe na damu inayotolewa kwa ajili ya vipimo. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni kwamba kinachoingia ndani kupitia sikio hufunguza. Anayeishika amwombe mganga ampangie matone usiku. Ama yule ambaye sukari yake inayumba kwa uambukizo na dawa mpya, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kuipokea ruhusa ya Mola ni katika utiifu.

La kufanya

Mzee anapofika kwenye duka la dawa asione haya kumwambia kijana anayemhudumia: "Mwanangu, mimi nina kisukari, na dawa ninazotumia ni hizi." Kisha atoe mfukoni kikaratasi chenye majina ya dawa zake zote, na aombe jina la dawa mpya liandikwe. Anayehudumia akishindwa kujibu kama dawa hizo zinapatana, mzee aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya kabla ya kumeza. Nauli ya safari hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kulazwa.

Vijana wanaojua kusoma waandike vikaratasi hivyo kwa ajili ya babu na bibi zao. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Misikiti yetu ina daftari za michango, za ndoa na za maziko. Nazishauri kamati, yetu ikiwa ya kwanza, kutenga Ijumaa moja ili kila mwenye kisukari atoke msikitini na kikaratasi chake, akina mama pia kwa upande wao. Kumsaidia mtu abaki na afya ni fungu la haki za jirani, kama kumzika alivyo na haki ya kuzikwa.

Allah awaponye wagonjwa wetu na azijaalie dawa zao ziwe na manufaa. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.